Mto Niliouandika Katika Ukurasa wa Kambare

Vijana wangu mnaochimba mabwawa, mmeniuliza mara nyingi kwa nini mkinipa simu nisome kitu mlichoandika, mkono wangu unatetemeka. Mmoja wenu, sitamtaja, alisema ni uzee. Uzee upo, sikatai, magoti yananikumbusha kila asubuhi. Lakini mkono ulianza kabla ya magoti. Ulianzia mbele ya kompyuta, katika duka la Papa Kambale, pale Masisi centre, miaka ya vita. Mkiona naruka huku na huku mnivumilie. Hata mimi bado sijaweza kuyapanga mambo haya yakatulia.

Nilikuwa agent wa samaki, kazi yangu kufundisha watu kuwafuga. Serikali ilinipa buti, mizani na baiskeli. Buti ziliisha, mizani iliibwa, na baiskeli ilichukuliwa na watu wenye bunduki pamoja na ndoo ya vifaranga vya kambare niliyokuwa nimeifunga nyuma. Niliwaomba wabadilishe maji ya ndoo kabla ya jua kupanda. Walinitazama kama mwenda wazimu, na sijui kama waliyabadilisha.

Kambare mnamjua: kichwa bapa kigumu, ndevu nane, ngozi tupu inayoteleza. Juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi kinachomwezesha kuvuta hewa kama sisi, ndiyo maana mnaweza kumkuta kwenye majani mabichi, mbali na maji, akijikokota bila wasiwasi. Sasa basi, siku moja mwanafunzi wangu mmoja, Janvier, kijana mwenye akili sana, alinionesha kwenye kompyuta ya Papa Kambale ensiklopedia ya mtandaoni inayoandikwa na yeyote anayetaka. Akafungua ukurasa wa jamii ya kambare kwa Kiswahili. Ulikuwa na mistari mitatu, na mstari wa pili ulisema kambare wana magamba.

Magamba! Nilipiga meza hadi sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa juu ya kompyuta ikayumba. Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyeuza chumvi, sabuni, betri na dakika za mtandao, aliishika isianguke.

"Papa, polepole," alisema. "Ni nani amekufa?"

"Wameandika kambare iko na magamba!"

"Basi sahihisha. Lakini unapoandika ukoo yangu, andika muzuri. Usisahau ndevu."

Watu dukani walicheka, kwa sababu jina lake na la samaki ni kama ndugu. Siku ile nilifuta magamba. Nilirudi kesho yake nikaweka ndevu, na kesho kutwa nikaweka hewa. Mabwawa yetu yalikuwa yamebomolewa na mshahara haujulikani uliko, na ukurasa ule ndio kazi pekee niliyobaki nayo. Nawaambieni ukweli, niliupenda kuliko inavyofaa mtu mzima kupenda ukurasa.

Basi nikakutana na Bwana Chanzo. Jina hilo nilimpa mimi. Yeye alikuwa msimamizi wa ile ensiklopedia, mtu wa mbali, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni, na kila nilichoandika alikijibu kwa neno moja: chanzo? Nilikuwa nimeandika habari ya kukamua mayai kwenye maji baridi. Aliifuta. "Uzoefu binafsi haukubaliki," akasema. "Tafadhali weka chanzo." Nikamjibu kwamba chanzo ni mimi. Akafuta tena.

Habari yenyewe ilikuwa hii, na muishike, maana bado inaua majike yenu. Kambare akiwa bwawani hatagi hivi hivi, anangoja mafuriko. Sisi tunamdanganya. Tunachinja kambare mwingine, tunafungua fuvu, chini ya ubongo tunatoa tezi ndogo kuliko punje ya mtama, tunaisaga katika maji ya chumvi na kumchoma jike sindano ya mgongo. Baada ya saa kadhaa mayai yanaiva, unamkamua tumbo taratibu na yanatoka yenyewe. Nilipoanza kazi nilihesabu saa za kitabuni, nikamkamua jike letu bora kabisa, hapa Masisi kwenye baridi yetu. Ilitoka damu. Nilizidi kukamua, kwa kuwa kitabu kilisema saa zimetimia. Alifia mikononi mwangu. Mkubwa wangu wa kazi, tuliyemwita Papa Agronome, hakunikaripia. Alinishika mkono akauzamisha bwawani.

"Unasikia hii maji? Kitabu iliandikwa na muntu ya kwenye joto. Tia mukono mu maji mbele ya kufungua kitabu."

Maji baridi huchelewesha mayai kuiva. Sasa nieleze jambo kama hilo kwa Bwana Chanzo! Papa Agronome hakuwahi kuandika kitabu. Alikuwa amelala makaburini tangu vita vya kwanza vya huku kwetu.

Dada yangu Sifa aliolewa Mpofi, upande wa Walikale. Risasi zilipoanza kulia kule, wanawake walibeba watoto wakaingia msituni. Kiangazi kimoja alitokea nyumbani kwangu Lushebere, kapu mgongoni, amekuja kuuza samaki wa moshi ili anunue chumvi na dawa. Nilimkumbatia, nikafunua majani ya kapu, na aibu ninayo hadi leo: nilihesabu ndevu za samaki kabla sijauliza watoto wake wako vipi.

Lakini mngewaona wale samaki! Wembamba, warefu, macho kama punje za ulezi, mapezi karibu hayapo. Ni kambare wa msituni wanaoishi ndani ya tope, jamii ileile. Nilikuwa nimewasoma tu. Nikamkalisha dada, nikachukua daftari.

Alinieleza wanavyovua. Maji yakipungua, wanawake wanachagua kijito, wanakiziba juu na chini kwa udongo, vijiti na majani. Halafu wanakausha maji katikati kwa mabeseni na vikapu, wanaimba, wanatukanana kwa mchezo. Tope likibaki wanaingiza mikono. Kidole kinamjua kambare kwa utelezi, na unamshika nyuma ya kichwa, maana mwiba wa pezi la kifuani ukikuchoma utalala na homa. Wanaume hawaendi. Alisema wanaishi hapohapo, mwendo wa nusu siku kutoka barabarani, wamama na watoto, na kijito kile ndicho kinachowalisha.

"Ni kamuto gani?" nilimuuliza.

"Kaka, kamuto yetu hatuitajake ku wanaume. Ukiitaja, samaki zinahama."

"Sifa, mimi hapa si mwanaume. Mimi ni agent."

Alicheka hadi akakohoa, lakini jina hakulitoa. Nilimsumbua siku mbili. Nilimwambia dunia nzima itajua kazi ya wanawake wa Walikale. Nilimwambia yule mtu wa mbali hatakubali bila kujua ni wapi hasa. Asubuhi ya kuondoka, kapu tayari mgongoni, nikamuuliza tena mlangoni. Alinitazama kidogo, akataja jina moja na upande wa barabara, akaenda zake. Mimi nililiandika kwenye kiganja nisilisahau. Hapa sitaliandika.

Mnajua sisi watu wa ofisi: karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga. Muhuri wa ofisi yetu nilikuwa nimeuficha ndani ya soksi siku ofisi ilipoporwa. Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja: uvuvi wa kukausha kijito, jina la kijito, mwendo wa nusu siku upande gani wa barabara, wanawake na watoto wanaokaa pale. Nikaipiga muhuri, nikaipiga picha, nikaiweka kwenye ensiklopedia kama chanzo. Yaani chanzo kilikuwa mimi yuleyule, ila sasa nimepigwa muhuri. Bwana Chanzo alijibu siku hiyohiyo: "Hongera sana. Makala yetu sasa inaanza kuaminika."

Nilinunua soda, mimi na Papa Kambale tukainywa tukiwa tumesimama. Nilijiona mshindi.

Siku ya soko iliyofuata, motari mmoja aliyetoka njia ya Walikale aliegesha pikipiki mbele ya duka, vumbi hadi kwenye kope. Watu walimzunguka kumuuliza habari.

"Njia iko mubaya," alisema. "Wale wenye silaha wametoka mu barabara, wameingia pori. Wako na njaa. Waliona samaki ya moshi ku soko, sasa wanauliza kila muntu: wale wamama ya samaki wanakaa wapi? Mahali kuko wamama, kuko chakula."

Wengine waliendelea kuuliza bei ya chumvi Walikale. Mimi nilishika mlango. Nilikuwa nimewaandikia jibu, kwa mwandiko safi, na muhuri juu.

Najua mnachotaka kusema. Nani mwenye bunduki anasoma habari za kambare? Mmoja alikuwapo. Janvier, mwanafunzi wangu, alikuwa ameingia porini miezi kadhaa kabla, na bunduki begani, upande huohuo wa Mpofi. Hakuwa mtu mbaya. Lakini kila alipopata mtandao, alifungua ukurasa ule kuona mwalimu wake ameandika nini. Alishawahi kuniletea salamu kwamba aya ya ndevu imempendeza.

Nilisukuma watu, nikakaa kwenye kompyuta, nikafuta jina, upande wa barabara na ripoti. Nilipumua. Sikuwa nimemaliza kupumua, vyote vikarudi. Bwana Chanzo: "Tafadhali usiondoe maelezo yenye chanzo." Nikafuta. Akarudisha: "Sababu?"

Hapo ndipo mkono ulipoanza. Sababu ningeiandika vipi? Kila kinachoandikwa pale kinasomwa na wote. Nikiandika "kuna watu wamejificha," nimewathibitishia wanaowatafuta. Nikinyamaza, jina linabaki. Nikafuta mara ya tatu bila neno, na kompyuta ikaniambia nimezuiliwa kuhariri kwa siku tatu kwa kuharibu makala. Yule mtu niliyemlaani kwa ukaidi wake alikuwa sasa anautetea muhuri wangu. Nililia palepale dukani, mbele ya wateja, kamasi na kila kitu.

Papa Kambale aliwatoa wateja, akafunga mlango mchana kweupe. Nilimweleza yote. Hakunilaumu. Alikaa juu ya gunia la chumvi akawaza.

"Mwandikie yeye peke yake, mu barua ya siri. Si iko namna?"

"Iko. Lakini kama yeye ni muntu wao?"

"Kama ni muntu wao, jina amekwisha kuisoma. Kama ni muntu ya Mungu, ataitoa. Papa, unapoteza nini?"

Niligeukia kompyuta. Niliandika barua fupi kuliko zote za maisha yangu ya kazi: "Mahali nilipotaja pana watu waliokimbia. Wanatafutwa. Nakuomba." Nilibonyeza kutuma. Jenereta ilikohoa mara mbili ikazima. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na kwa kuwa njia imefungwa, hakukuwa na mengine Masisi nzima.

Siku mbili bila umeme. Sikujua kama barua imekwenda au imefia njiani. Niliomba motari watatu waniingize Mpofi nikawaonye, na wote walikataa, mmoja akaniambia niende na jeneza langu kabisa. Mke wangu aliniwekea ugali na samaki, nikashindwa kuwatazama wale samaki. Nilikaa nikichambua maharage ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Kila mtoto aliyepiga kelele nje nilisikia jina la Sifa. Vijana wangu, nimeshawahi kulala kifudifudi mtaroni risasi zikipita juu. Zile siku mbili zilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mtaroni sikuwa na kosa.

Siku ya tatu Papa Kambale alipata lita moja kutoka kwenye pikipiki ya paroko. Kompyuta ikawaka. Jibu lilikuwepo.

"Mzee wangu, nimeelewa. Nimeondoa jina, ripoti na kila kinachoonesha mahali, na nimeficha matoleo yote ya nyuma, kwa sababu ukifuta tu, ya zamani hubaki kwenye historia ya ukurasa na mtu huweza kuyafungua. Nisamehe, sikufikiria. Je, watu wako wako salama?"

Mnaona hilo la historia? Hata kama ningeshinda ule ugomvi wa kufuta na kurudisha, jina lingebaki chini, kama mayai kwenye tope. Lishikeni hilo nyinyi mnaotuma picha za kila mnachokiona. Nikamjibu neno moja, "Sijui," na mafuta yakaisha.

Ukurasa ulikuwa umekaa na lile jina siku saba. Nani aliusoma katika siku hizo saba? Hakuna wa kuniambia. Nilianza kwenda kila asubuhi kambini Lushebere, pale wanapoingia wakimbizi wapya, kutazama nyuso. Ikifika saa sita narudi nyumbani. Watu walidhani nimepewa kazi ya kuandikisha, wengine wakanipa majina yao. Nikawajibu siandiki, siandiki kitu.

Mvua zilianza. Vijito vilijaa, msimu wa kukausha ukaisha. Kisha asubuhi moja nikaona kapu ninalolijua, na chini yake Sifa, amekonda, anatembea na watoto wake wanne. Niliwahesabu mara mbili. Wote wanne.

Nilimpeleka nyumbani. Alipokula na watoto wakalala, nilipiga magoti mbele ya dada yangu mdogo, jambo ambalo kwetu kaka halifanyi, nikamwambia kila kitu: muhuri, Janvier, zile siku saba. Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika mbavu, machozi yakamtoka.

"Kaka! Na wewe uliamini nilikupa jina ya kamuto yetu? Nitakupaje? Nilikuona na ile kalamu, nikasema huyu hataniacha niende. Nikakupa jina ya kamuto ingine, kale ka ng'ambo ya barabara."

Sijui kama mmewahi kushushwa mzigo ambao umeubeba hadi ukasahau kwamba ni mzigo. Nilicheka na mimi. Niliinuka, nikacheza, mke wangu akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini. Nikambusu dada kichwani, nikamwita mwongo, mchawi, mama yangu. Nilisema ile desturi yao ya kuficha jina ina akili kuliko ofisi zote nilizofanyia kazi. Tulicheka hadi tukachoka, na katika kuchoka huko nikamuuliza, kwa kuuliza tu:

"Na kule ng'ambo kulikuwa nani?"

Sifa aliokota kipande cha ugali kilichoanguka mkekani, akakishika.

"Kila kamuto ilikuwa na watu, kaka," alisema. "Siye tulitoka. Wale, sijue."

Vita vilipolegea nilikwenda Mpofi mwenyewe, kwa mguu. Niliulizia. Wengine walisema watu wa kile kijito walihamia mbali kabla, wengine walisema walikuja watu wenye bunduki, wengine walisema hakukuwa na mtu kamwe. Janvier sikumwona tena. Sikupata mtu hata mmoja aliyelala pale kiangazi kile, aseme "mimi nilikuwepo." Nilirudi, nikamaliza miaka yangu ya kazi, nikawafundisha nyinyi.

Ukurasa wa kambare leo ni mrefu na mzuri, mnausoma kwenye simu zenu, na hautaji mto wowote wa Walikale. Bwana Chanzo hajawahi kuniuliza tena ni wapi. Mimi ndiye ninayeuliza. Wengi wenu mlibebwa mgongoni miaka ile, na mama zenu hawakuwaambia mlipita wapi. Basi kama kati yenu yupo ambaye mama yake alimficha kwenye kijito upande wa Mpofi, kiangazi kile, aje nyumbani kwangu. Nataka kujua ni kijito kipi. Hapana, asiniambie ni kipi. Aje tu, nimwone.